Shavu la Uso na Shavu la Mguu: Kuganda kwa Damu Baada ya Upasuaji wa Taya

Mtu aking'olewa jino huambiwa aume pamba kwa nguvu, asisukutue mdomo siku hiyo, wala asivute sigara. Sababu ya makatazo hayo ni donge la damu. Tunataka damu igande ndani ya shimo la jino na kukaa pale pale mpaka nyama mpya iote. Donge likitoka mapema, mfupa hubaki wazi na mgonjwa huamka siku ya tatu au ya nne akiwa na maumivu yanayopanda hadi sikioni. Kwa hiyo daktari wa kinywa na meno ni rafiki wa donge la damu tangu siku ya kwanza ya kazi yake. Anachokihofia ni damu isiyokoma.

Makala haya yanahusu donge jingine, ambalo halionekani mdomoni na ambalo mpasuaji wa taya hakuzoea kulitafuta. Hufanyika ndani ya mishipa ya vena ya mguu, aghalabu katika sehemu ile ya nyuma, chini ya goti, ambayo Waswahili huiita shavu la mguu. Jina hilo lina mafunzo yake. Mgonjwa wa taya, ndugu zake na madaktari wake hutazama shavu la uso: limevimba kiasi gani, mshono umeshika vipi, meno yanakutana au hayakutani. Shavu la mguu limefunikwa kwa shuka. Donge likimea huko, linaweza kukatika, likapanda na damu hadi moyoni, na kutoka moyoni likatupwa katika mapafu, ambako huziba njia ya damu. Likiwa kubwa huua kwa dakika chache. Likiwa dogo huleta kubanwa kwa pumzi ambako mgonjwa mwenyewe na hata mganga wa zahanati hukudhania kuwa kichomi.

Upasuaji gani, na wa nani?

Katika vitabu vingi suala hili huelezwa chini ya kichwa cha upasuaji wa kurekebisha taya, yaani kukata taya la juu, la chini, au yote mawili, na kuyapanga upya kwa sababu yameota vibaya: la chini limetangulia mno mbele, au la juu limerudi nyuma, na mtu hawezi kutafuna wala kufumba midomo sawasawa. Upasuaji wa aina hiyo si mpya. Simon Hullihen wa Marekani aliufanya mwaka 1849 kwa msichana ambaye taya lake lilikuwa limevutwa na kovu la moto lililoshuka hadi shingoni. Hata hivyo njia zinazotumika leo zilienea baada ya Hugo Obwegeser wa Zurich na mwalimu wake Richard Trauner kuchapisha mwaka 1957 namna ya kupasua taya la chini kwa kuligawa ubavuni. Wanaofanyiwa wengi ni vijana wenye afya njema, na ndiyo maana taarifa zilizochapishwa huonyesha kwamba wanaopatwa na donge la damu mguuni au mapafuni hawafiki mmoja katika kila mia.

Takwimu hiyo isitufariji kupita kiasi, kwani mgonjwa wa taya anayetoka Kigoma, Ujiji, Uvinza au Kalya si yule wa vitabuni. Kwetu taya hukatwa au kufungwa kwa sababu nyingine. Ya kwanza ni ajali, hasa za pikipiki, ambapo taya huvunjika mahali pamoja au pawili na pengine mguu huvunjika pamoja nalo. Ya pili ni uvimbe wa taya uitwao ameloblastoma, ambao hauna tabia ya kusambaa mwilini kama saratani lakini huula mfupa polepole kwa miaka. Mgonjwa hufika kwa mtaalamu akiwa na uvimbe wa ukubwa wa chungwa au zaidi. Huyu hukatwa sehemu ya taya, wakati mwingine nusu nzima, na pengo huzibwa kwa bamba la chuma au kwa mfupa uliochukuliwa mahali pengine pa mwili. Upasuaji huchukua saa nyingi. Mgonjwa amekonda kwa sababu ya kutokula vizuri, au ana miaka hamsini, au ananyonyesha. Na kabla ya yote hayo amesafiri kutoka mwisho wa reli hadi Dar es Salaam, na atasafiri tena kurudi.

Fundisho la zamani lililotupotosha

Kwa muda mrefu wanafunzi wa udaktari Afrika Mashariki walifundishwa kwamba Mwafrika hapatwi na donge la damu mguuni, au hupatwa kwa nadra sana. Chanzo cha fundisho hilo si uzushi. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1972 katika jarida la British Medical Journal kwamba mishipa iliyovimba miguuni, madonge ya damu na bawasiri ni maradhi ya watu wa nchi tajiri, na akayahusisha na chakula kisicho na makapi. Burkitt ni yule yule aliyeeleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto wa Uganda, ambao leo unabeba jina lake, na aliyezunguka mwaka 1961 kwa gari maili kama elfu kumi, hospitali hadi hospitali, akiuliza uvimbe huo unaonekana wapi. Inastaajabisha kidogo kwamba mtu mmoja aliacha alama katika somo la taya na katika somo la donge la damu, na kwamba katika la kwanza alikuwa sahihi kabisa huku katika la pili akituachia nusu ya ukweli.

Nusu ya kweli ni hii: badiliko moja la kurithi linaloongeza kuganda kwa damu, lijulikanalo kama Fakta V Leiden, huonekana kwa watu wengi wenye asili ya Ulaya na karibu halionekani kabisa kwa Waafrika. Nusu iliyokosewa ni kudhani kwamba ugonjwa usiotafutwa haupo. Katika miaka ile donge la mguu lilitambuliwa kwa macho na mikono tu, au kwa maiti kupasuliwa, na maiti wachache mno walipasuliwa. Watu weusi wa Marekani, walipochunguzwa kwa vipimo, walionekana kupatwa sawa na weupe au zaidi. Nasi tunayo mambo yetu yanayoifanya damu igande upesi: selimundu, ambayo Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa nayo, VVU, kifua kikuu. Kwa hiyo daktari anayesema "hapa kwetu hayo hayapo" hana budi kwanza kuulizwa amepima miguu mingapi.

Kwa nini damu igande mguuni wakati kidonda kiko usoni?

Rudolf Virchow wa Ujerumani alieleza katikati ya karne ya 19 jinsi donge linavyokatika mahali pamoja na kuziba pengine. Kutokana na maandishi yake ya mwaka 1856, waliokuja baadaye walipanga sababu tatu zinazoitwa hadi leo utatu wa Virchow: damu kutuama, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa na mwelekeo wa kuganda. Tuzipitie kwa mgonjwa wa taya.

Damu ya miguu haipandi moyoni kwa nguvu ya moyo peke yake. Misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu. Tunapotembea, misuli hiyo huikamua mishipa ya vena, na vali ndogo zilizomo huizuia damu isirudi chini. Chini ya dawa ya usingizi misuli yote hulegea kwa saa tatu, nne au sita, na pampu husimama. Baada ya upasuaji mgonjwa hulala. Hapa pana jambo ambalo wapasuaji wetu wanapaswa kulizingatia kuliko yote: mgonjwa wa taya ana miguu mizima, na hakuna sababu ya kumlaza. Kinachomlaza si taya. Mara nyingi ni nyonga. Mfupa wa kuziba pengo la taya huchukuliwa kwenye ukingo wa nyonga, na kidonda kile cha nyonga huuma kwa kila hatua kuliko kidonda cha uso. Mgonjwa huomba aachwe, ndugu humhurumia, muuguzi ana wagonjwa wengine arobaini, na siku nne hupita. Mfupa ukichukuliwa mguuni, kwenye ule mfupa mwembamba wa pembeni chini ya goti, basi sababu ya pili ya Virchow nayo imeongezeka, kwani mishipa ya mguu huo imeguswa na kisu.

Sababu ya tatu ni damu yenyewe. Kila jeraha kubwa huuamsha mwili utengeneze vitu vya kugandisha damu, na mwili hauna njia ya kuvipeleka tayani tu, hutapakaa kote. Juu ya hilo huja kiu. Mgonjwa aliyefungwa meno kwa waya, kwa wiki nne hadi sita, hunywa kwa mrija au kwa kijiko kupitia pengo la nyuma ya meno ya mwisho. Kila funda ni kazi. Uso umevimba, midomo imekufa ganzi, uji unamchuruzika kidevuni mbele ya wageni, naye huona aibu na kusema ameshiba. Damu ya mtu aliyekauka ni nzito, na nzito huganda upesi.

Kuhesabu hatari

Joseph Caprini, mpasuaji wa Marekani, alitunga mwaka 1991 na kuboresha mwaka 2005 orodha ya alama ambayo daktari au muuguzi anaweza kuijaza kwa dakika mbili, bila kipimo chochote cha maabara. Tuitumie kwa wagonjwa wawili wa kubuni.

Wa kwanza ni kijana wa miaka 24, mvuvi wa Katonga, mwembamba, aliyeanguka na pikipiki na kuvunjika taya peke yake. Anafungwa kwa mabamba na skrubu, upasuaji unazidi dakika 45. Upasuaji wa urefu huo una alama 2. Hana jingine. Jumla ni 2, hatari ndogo. Kutembea na kunywa vinamtosha.

Wa pili ni mama wa miaka 43, mfanyabiashara wa mawese wa Ujiji, mwenye ameloblastoma. Umri kati ya miaka 41 na 60 una alama 1. Upasuaji mkubwa, 2. Uzito uliozidi kiwango, 1. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, 1. Tayari ana 5 kabla hajaingia chumba cha upasuaji, na 5 huhesabiwa kuwa hatari kubwa. Akilazwa kitandani zaidi ya saa 72 kwa sababu ya maumivu ya nyonga, zinaongezeka 2, na anakuwa na 7. Kama mama yake au ndugu yake wa damu aliwahi kupata donge, zinaongezeka 3.

Natamani msomaji aone jambo moja katika hesabu hiyo. Umri hatuwezi kuupunguza, wala urefu wa upasuaji. Zile 2 za kitanda ni zetu, tunazitoa au kuzizuia kwa dawa nzuri ya maumivu na kwa muuguzi anayesema, "Mama, tuamke." Na ile 1 ya vidonge inaweza kuondolewa ikiwa mgonjwa ameulizwa mapema, kwa kuviacha wiki nne kabla na kupewa njia nyingine ya uzazi wa mpango. Asiambiwe tu aache. Mimba na wiki sita baada ya kujifungua zina hatari kubwa kuliko kidonge.

Dawa au miguu?

Katika upasuaji wa nyonga au tumbo uamuzi ni mwepesi: mgonjwa mwenye alama nyingi hudungwa dawa ya kuzuia damu isigande. Mpasuaji wa taya husita, na kusita kwake kuna haki. Damu ikivuja ndani ya tumbo hukusanyika mahali penye nafasi. Ikivuja chini ya ulimi na shingoni husukuma njia ya hewa, na mgonjwa aliyefungwa meno hawezi kufungua mdomo akasaidiwa kwa haraka. Kila wodi yenye mgonjwa wa namna hiyo inapaswa kuwa na mkasi wa kukatia waya kando ya kitanda, na muuguzi wa zamu ajue ni waya gani wa kukata.

Kwa hiyo hatua za kwanza ni za miguu. Mgonjwa aketi na kuteremsha miguu jioni ya siku ya upasuaji, atembee kesho yake asubuhi, na akiwa kitandani avute vidole vya miguu kuelekea usoni na kuvisukuma mbele, mara kumi kila saa aliyo macho. Soksi za kubana na mashine za kukamua miguu kwa hewa husaidia pale zinapopatikana. Dawa huongezwa kwa wenye alama nyingi, baada ya mpasuaji kukagua na kuridhika kwamba damu imekoma: kwa kawaida enoksaparini miligramu 40 chini ya ngozi mara moja kwa siku, kwa mtu mzima ambaye figo zake ni nzima. Diklofenaki na dawa za jamii yake zitolewe kwa uangalifu, kwa sababu zikiambatana na enoksaparini huzidisha uwezekano wa kuvuja damu.

Katika mji kama Ujiji, ambao ni wa Waislamu tangu enzi za misafara, swali moja litaulizwa na lina haki ya kujibiwa kwa ukweli: heparini na enoksaparini hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Daktari asilifiche, wala asilijibu kwa dharau. Mgonjwa aelezwe asili ya dawa, aelezwe hatari iliyo mbele yake, na aelezwe kwamba ziko dawa za kutengenezwa maabara, kama fondaparinaksi ya sindano na rivaroksabani ya vidonge, ingawa hazipatikani kila mahali wala kila saa. Hukumu ya dharura katika sheria ya dini wanayo wanazuoni. Kazi ya daktari ni kueleza kwa usahihi kama dharura ipo. Mazungumzo haya yafanyike kabla ya upasuaji, na si saa nane za usiku mgonjwa akihema.

Njia ya kurudi nyumbani

Wengi hudhani mgonjwa akiruhusiwa kutoka hospitali hatari imekwisha. Utafiti mkubwa wa wanawake wa makamo wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kinyume. Miongoni mwa waliolazwa kwa upasuaji, mmoja katika kila 140 alirudishwa hospitali au kufa kwa sababu ya donge la damu ndani ya wiki 12. Kwa wasiofanyiwa upasuaji, katika muda kama huo, ni mmoja katika kila 6,200. Na hatari ilifika kilele katika wiki ya tatu. Waliohesabiwa humo walikuwa na upasuaji wa kila aina, wala si wa taya pekee, lakini umbo la hatari lenyewe, kwamba hupanda baada ya mgonjwa kwenda nyumbani, ndilo linalotuhusu. Wiki ya tatu mgonjwa wetu yuko wapi? Yuko njiani, au amekwisha kufika.

Reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam, na garimoshi huchukua takriban siku mbili. Basi huenda mchana na usiku. Anayeishi kusini mwa pwani ya ziwa, Buhingu au Kalya, bado ana safari ya boti ya mbao, amekunja magoti kati ya magunia na madumu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2007 matokeo ya uchunguzi wake juu ya safari ndefu: kukaa zaidi ya saa nne huongeza hatari ya donge takriban mara mbili, na si kwa ndege tu bali pia kwa basi, garimoshi na gari dogo. Kwa mtu mzima wa afya hatari hiyo bado ni ndogo, kama mmoja katika kila 6,000. Kwa mtu aliyetoka kukatwa taya wiki mbili zilizopita haianzii hapo.

Kiti chenyewe kina lawama. Mwaka 1940, wakati London ikipigwa mabomu, daktari Keith Simpson aliona vifo vya ghafla vya donge la mapafuni vikiongezeka miongoni mwa watu waliolala usiku kucha juu ya viti vya kukunja katika mahandaki. Ukingo wa kiti ulibana nyuma ya mapaja. Abiria wa kiti cha nyuma cha basi, mwenye mzigo miguuni, amekaa vivyo hivyo. Mwaka 1871 Stanley alitoka Bagamoyo mwezi wa Machi na kufika Ujiji Novemba. Wapagazi wake walipatwa na homa, kuhara na ndui, ila la kukaa hawakuwa nalo.

Nikiulizwa, nitamshauri mgonjwa wa alama 5 na zaidi abaki karibu na hospitali wiki mbili za kwanza kama ana ndugu wa kumpokea. Akilazimika kusafiri, garimoshi ni bora kuliko basi kwa sababu mtu anaweza kusimama na kutembea ujiani. Akipanda basi, aombe kiti cha kando ya njia, ashuke kila linaposimama, na ikiwezekana aikate safari kwa kulala Dodoma au Tabora. Na anywe. Wasafiri wetu, wanawake hasa, huacha kunywa tangu jana yake kwa hofu ya kukosa choo njiani. Kwa mgonjwa aliyefungwa meno hiyo ni hatari juu ya hatari. Uji mwepesi wa ulezi, maziwa, na supu ya migebuka iliyochujwa vizuri ibebwe katika chupa za chai, pamoja na mrija na maji ya kusukutulia.

Akifika na mguu umevimba

Sehemu hii nawaandikia hasa wenzetu wa zahanati na vituo vya afya vya pwani ya ziwa. Mgonjwa hatakuja akisema, "Nina donge." Atakuja na mguu mmoja unaouma na kujaa, na jirani ameshamwambia ni tego, au matende. Mulize kama amefanyiwa upasuaji wowote ndani ya miezi mitatu. Kovu la taya huenda liko ndani ya mdomo na hulioni. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima mashavu ya miguu yote miwili, sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti. Tofauti ya zaidi ya sentimita 3 ina uzito. Kutokuwa na tofauti hakumwondoi mgonjwa katika shaka.

Mguu huo usichuliwe. Najua kwamba kuchua kwa mafuta ya mise na kukanda kwa maji ya moto ni huruma ya kwanza ya bibi kwa mjukuu, na kwa maumivu mengine haina ubaya. Donge bichi likikamuliwa linaweza kubanduka.

Kubanwa kwa pumzi kwa ghafla, kichomi kinachozidi akivuta hewa, kukohoa damu, kuzimia, au mapigo ya moyo yaliyozidi 100 kwa dakika bila homa: kwa mtu aliyepasuliwa karibuni, hayo ni donge la mapafuni mpaka ithibitike vinginevyo. Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, tibu malaria, na endelea kuwa na shaka. Dalili nyingine tofauti, ambayo ni ya upasuaji wa kinywa hasa, ni homa pamoja na uvimbe na maumivu ya upande mmoja wa shingo siku kadhaa baada ya usaha wa jino au taya. Hapo huenda mshipa mkubwa wa shingo ndio ulioganda kwa maambukizi, kama alivyoeleza André Lemierre wa Ufaransa mwaka 1936, naye huhitaji antibiotiki za mshipani bila kuchelewa.

Mguu huthibitishwa kwa altrasaundi: vena nzima hubonyea chini ya kifaa, yenye donge haibonyei. Kipimo cha damu kiitwacho D-daima hakisaidii katika wiki za kwanza, kwa sababu upasuaji wenyewe hukipandisha. Altrasaundi ikiwa mbali na shaka ni kubwa, na mgonjwa havuji damu, zungumza kwa simu na hospitali ya rufaa juu ya kuanza enoksaparini miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12, kabla ya kumsafirisha. Boti kutoka Kalya inaweza kuchukua usiku mzima, na donge halingoji gati.

Matibabu huendelea miezi mitatu kwa uchache. Warfarini ni rahisi kwa bei, lakini hudai kipimo cha mara kwa mara cha kuganda kwa damu, na huyumba mgonjwa anapobadilisha mlo. Aliyekuwa akinywa uji tu kwa wiki sita, siku waya zinapotolewa hula kisamvu na matembele kwa furaha, na nguvu ya dawa hupungua. Rivaroksabani, miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha 20 mara moja kwa siku, haihitaji kipimo hicho, ila vidonge hivyo vimezwe pamoja na chakula. Kwa aliyefungwa meno vinaweza kupondwa, vikachanganywa na chakula laini, na kufuatiwa mara moja na uji. Dabigatrani isifunguliwe wala kupondwa.

Wapasuaji nao wana deni kwa zahanati hizo. Barua ya kuruhusu mgonjwa mara nyingi hueleza taya kwa ukamilifu: bamba gani, skrubu ngapi, waya zitolewe lini. Iandikwe pia, kwa Kiswahili ambacho mgonjwa na ndugu zake wataweza kukisoma wakiwa peke yao, jumla ya alama za Caprini, kama alidungwa dawa na sindano ya mwisho ilikuwa lini, tarehe ambayo wiki 12 zitatimia, na namba ya simu ya wodi inayopokelewa usiku.